Viganja Juu ya Bati Tupu

Nimestaafu na bado nina hasira. Nalisema hili mwanzoni ili asiyetaka kusoma maneno makali arudi kwenye kazi yake. Nyinyi mliobaki pale gereji ya Stafford mmeniomba niwaandikie nilivyoanza, nilifundishwa na nani na kazi gani ilinitesa. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika, kwa sababu hakuna bati lililowahi kunyooka kwa cheo cha mtu. Nitaandika juu ya kutu, na juu ya gari moja ambalo mnalijua, maana wengi wenu mlikuwepo na mkanyamaza.

Kazi niliianzia Tanga, kwenye gereji ya mjomba wangu, tukinyoosha malori yaliyogongana na mabasi yaliyogonga ng'ombe. Nilikuwa msichana peke yangu, na kila mteja aliyeingia aliuliza fundi yuko wapi huku mimi nimeshika nyundo. Mjomba alikuwa mtu wa puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo ya bati unaokauka na kusuguliwa. Shimo likiwa dogo, puti. Likiwa kubwa, gazeti ndani na puti juu. Nikaja Houston, Marekani, nikimfuata mume wangu, tukapanga mtaa wa Gulfton, nami nikadhani naijua kazi.

Aliyenionyesha kwamba siijui ni Don Eusebio, mzee kutoka Meksiko aliyekuwa na karakana ndogo nyuma ya duka la matairi, si mbali na nyumba zetu. Yeye hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kihispania, na Kiingereza tulikuwa nacho nusu nusu wote wawili. Siku yangu ya kwanza alinipa mlango uliobonyea, nikanyoosha mkono kuchagua puti kwenye rafu, akaliondoa kopo na kulifungia kabatini. Kisha akachukua kitambaa laini cha pamba, akakitandika juu ya mlango, akaniwekea kiganja changu juu ya kitambaa na kukisukuma taratibu mbele na nyuma. Nikaanza kuhisi vilima na mabonde ambayo macho yangu hayakuyaona. Asubuhi nzima tulipapasa mlango kama watu waliopoteza kitu gizani. Mchana ndipo aliponipa nyundo.

Kitambaa kile kilikuwa na kazi ya pili. Don Eusebio hakuruhusu kiganja kitupu kugusa bati lililovuliwa rangi. Mkono wa binadamu una jasho, jasho lina chumvi, na hewa ya Houston ina maji kiasi kwamba shati linalowa ukiwa umesimama tu. Ukigusa bati tupu leo, kesho utakuta vidole vyako pale kwa rangi ya machungwa. Ukipaka rangi juu yake bila kusafisha, umefungia kutu ndani ya nyumba na kuiachia chakula. Kwa hiyo karakana yake ilikuwa na sheria moja tu: aliyeacha mkono wake kwenye bati anaufuta mwenyewe, kwa msasa, hadi bati ling'ae. Hakuna kumsaidia. Nilifuta mikono yangu mwanzoni hadi kucha zikaisha. Baada ya hapo sikugusa tena.

Alinifundisha pia urembo wa magari, ile mikanda ya chuma inayong'aa pembeni mwa madirisha na ubavuni. Watu hudhani ule ni mchezo. Mkanda ukibonyea unaugeuza, unauweka juu ya kibao, unaugonga kwa ndani kwa kinyundo chepesi hadi kidonda kitokeze nje, ndipo unasugua na kung'arisha. Ukigonga kwa hasira unautoboa. Nimegonga mikanda miaka yangu yote nikiwa na hasira na sijatoboa mingi, kwa hiyo msiniambie eti hasira haifai kwenye kazi. Inafaa ukijua pa kuiweka.

Don Eusebio alipozeeka na kufunga karakana, nikaenda mji wa jirani wa Stafford, kwenye gereji ya Bwana Cole, na hapo ndipo mliponikuta. Cole hakuwa mtu mbaya kila siku. Alipenda magari ya zamani, alipenda zaidi picha zake, na alikuwa na msemo wake kwamba hakuna mteja anayetazama chini ya rangi. Kila aliposema hivyo nilimjibu kwamba kutu hutazama. Akacheka kila mara, akidhani ni utani.

Sasa gari lenyewe. Mwangi ni nesi, Mkenya wa Nyeri, anakaa Missouri City na mke wake na watoto. Alilipata kwa mzee mmoja kule Fort Worth, likiwa limelala ghalani miaka mingi: gari la Kimarekani la milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, injini ya silinda nane, la miaka ile ya sitini kuelekea mwisho. Lilishushwa uani kwetu likiwa limekaliwa na panya, sakafu imetoboka, sehemu ya chini ya madigadi imeliwa. Lakini mikanda yake yote ilikuwepo, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, kwa sababu ya kununua siku hizi haikai sawasawa hata ukiibembeleza. Nikamwambia Mwangi kazi itachukua muda. Akaniambia, "Mama Zai, chukua time yako, bora Mama aipande ikiwa imekamilika."

Mama huyo alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe. Wajukuu walimwita Cucu, yaani bibi kwa Kikikuyu, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa na desturi yake: hapandi gari la mtoto wake yeyote kabla ya kuliwekea mikono na kuliombea. Mwangi alitamani ampeleke Cucu uwanja wa ndege kwa gari hilo siku ya kuondoka. Nikamweleza mapema kwamba haitawezekana. Sakafu mpya nilikuwa naiunga nukta kwa nukta, nachomelea hapa, nasubiri ipoe, nahamia kule, maana bati jembamba ukilichoma kwa pupa linajikunja. Akakubali kwa shingo upande. Cucu angerudi Nyeri, halafu mwaka unaofuata angekuja tena, na siku hiyo angekaa kiti cha mbele.

Nikalivua gari rangi yote. Kazi ile inatesa mabega na mapafu, lakini mwisho wake ni mzuri. Gari zima lilibaki bati tupu, kijivu, safi, kila bonde limenyooshwa kwa nyundo, puti hakuna hata ya kuziba jino. Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeshalipangusa kwa tina, praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, iko tayari, mashine ya kukausha hewa inanguruma. Nikaenda stoo kuswali adhuhuri na kula, nirudi nilipulizie.

Niliporudi nilikuta gari limezungukwa na watu. Nusu ya kanisa la Mwangi ilikuwa pale, wamefumba macho, na kila mmoja ameweka kiganja juu ya bati langu. Wapo waliokuwa wametoka kula nyama choma, niliwanusa. Pastor alikuwa kwenye boneti kwa mikono miwili, shati limelowa, jasho linamdondoka kidevuni. Watoto walikuwa milangoni. Mama mmoja wa kwaya alikuwa anapiga paa kwa kiganja kila Pastor akitamka baraka. Nyuma, kwenye kiti cha plastiki, Cucu alikuwa amekaa na mkono wake wa kulia umetulia juu ya mfuniko wa buti. Bwana Cole alikuwa pembeni anapiga picha.

Niambieni ningefanya nini. Mimi Mwislamu, nimesimama na chupa ya maji mkononi, nikatize sala ya Wakristo kwa kupiga kelele? Nilisimama nikawaka ndani kama jiko la mkaa. Pastor hakuwa na haraka. Aliombea magurudumu, ambayo hayakuwepo. Aliombea breki. Mwisho wakasema amina, nami nikasema amina kwa sababu imekwisha, kisha nikawaambia waondoe mikono.

Mwangi alikuja mbio. "Mama Zai, usikasirike. Cucu ana-fly wiki hii, ndio maana tulikuja ku-dedicate gari. Hatujai-touch vibaya."

"Kuligusa ndiyo vibaya yenyewe," nikamwambia. "Nilikwambia mje likishapakwa."

Niliyosema baada ya hapo mengine siyaandiki. Nilimsema Cole aliyefungua mlango, nikamsema Mwangi, nikamsema na Pastor, na mama wa kwaya akanuna akisema nakataa baraka. Nikamjibu kwamba baraka naipokea ila mafuta ya nyama choma siyapokei. Wakaanza kutoka mmoja mmoja. Aliyebaki ni Cucu, maana alikuwa anasubiri mtu wa kumwinua. Alilitazama gari, akanitazama mimi.

"Na mbona hamjaivalisha?" akauliza. "Ata rangi hakuna."

Nikamweleza kwamba tulikuwa karibu.

"Wewe ndio fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Uko na hasira mingi. Ni sawa, kazi inataka. Lakini usiimalize yote leo."

Nikamshika mkono nikamwinua. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu, mkono wa mtu aliyelima. Nilidhani angalau huo hautaacha alama.

Niliwahi kupangusa nilichoweza, lakini mchana ule mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na mashine ya kukausha hewa ikazima. Asubuhi viganja vyote vilikuwa vimechipuka. Boneti ina viganja viwili vya Pastor, vipana, na matone ya jasho katikati. Paa lina vya mama wa kwaya, kimeandikwa kimoja juu ya kingine. Vya watoto vilikuwa milangoni. Na kwenye pembe ya buti kulikuwa na kimoja chembamba, vidole vimeachana, hata mistari ya kiganja unaisoma. Mkono mkavu wa Cucu ulikuwa umeacha alama kali kuliko mikono mingine yote.

Cole akasema tupulize praima juu yake tuendelee. Nikakataa. Nikampigia Mwangi simu nikamtajia sheria ya Don Eusebio: kila aliyeacha mkono aje aufute. Alidhani natania. Nikamwambia gari halitasogea hatua moja hadi wote waje. Viganja vile nikavizungushia karatasi, nikapuliza praima sehemu nyingine zote, nikakaa kuwasubiri.

Na wakaja. Hilo ninawasifia. Waliletana Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, na nguo zao za kanisani, nikawapa aproni, glavu na msasa. Pastor alikunja mikono ya shati akasugua boneti hadi akaomba maji. Mama wa kwaya alisugua bila kunisemesha, na alisugua vizuri kuliko wote. Mtoto mdogo wa Mwangi alipoonyeshwa kiganja chake mlangoni akauliza, "That's me? Can we keep it?" Baba yake akamjibu kwamba Mama Zai atawafukuza. Mtoto akakifuta huku ananikodolea macho. Nilizunguka nyuma yao na kitambaa changu, nikipapasa, nikiwarudisha waliopitisha pitisha tu. Jioni bati lilikuwa safi, isipokuwa buti, kwa sababu mwenye mkono alikuwa ameshapanda ndege.

Mwangi akasema, "Huo wacha. Cucu atakuja aufute mwenyewe, si ndio rule?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia. Nikaufungua mfuniko wa buti, nikautundika stoo penye hewa kavu, nikaufunika kwa kitambaa, na gari likaendelea bila huo. Nikapaka, nikasugua, nikapaka tena. Nikarudisha mikanda yake yote, iking'aa. Kila nilipoingia stoo niliuona mfuniko ule ukining'inia, nami nikawa nausemesha. Nauambia mwenye mkono aje upesi, wateja wanasubiri.

Cucu hakurudi. Alifariki kwao, usingizini, wiki chache kabla ya safari ya kurudi kwetu. Mwangi alinipigia akiwa njiani kwenda kuzika. Hakusema lolote kuhusu gari, nami sikuuliza. Nilienda stoo nikauangalia mkono ule, nikatoka. Niliona ni yeye Mwangi anayestahili kuufuta sasa, akirudi, akiwa tayari, hata ikichukua mwaka. Kutu kwenye hewa kavu ina subira kuliko wateja.

Sasa nisomeni vizuri. Ilikuwa Idi, nikachukua mapumziko. Cole alikuwa na maonyesho ya magari Dallas na alitaka gari lile liwe mbele. Nilipokuwa nyumbani nakaanga sambusa, alimwambia mmoja wenu auchukue mfuniko, aupitishie msasa juu juu, aupake na kuufunga. Sitamtaja jina, anajijua. Alijua sheria. Aliujua mkono ule ni wa nani na kwamba mwenye mkono yuko mochwari. Na nyinyi wengine mlikuwa mnatembea pale pale, mkishika glavu zenu.

Niliporudi gari lilikuwa limekamilika, jekundu, zuri hata mimi nililitazama. Nikaweka kitambaa juu ya buti nikapapasa. Palikuwa laini. Cole akaja akitabasamu akaniuliza kama nahisi kitu chochote. Nikamwambia ameufungia mkono wa marehemu chini ya rangi ukiwa hai, na utatoka. Nikataka niuvue upya. Akasema gari linaondoka kesho na yule mama hatajua tofauti. Nikaikunja aproni yangu nikaiweka juu ya boneti ya gari lake mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kustaafu mwishoni mwa mwaka. Nilistaafu siku hiyo, saa hiyo, na kama mlidhani niliondoka kwa sababu ya mgongo, mgongo wangu hauna tatizo.

Mwangi alipotoka kuzika alilichukua gari lake, na kabla ya kwenda kwake alipita kwangu anionyeshe. Nilimpokea barazani. Nikampa pole ya msiba, kisha nikamweleza ukweli wote nikiwa nimesimama. Nikamwambia liko kosa, si langu ila liko, aliache nivue rangi ya buti bila malipo, hapa hapa uani kwangu, kisha yeye aufute mkono.

Akaenda nyuma ya gari, akasogeza mkono karibu na buti ila hakugusa. "Hawaku-sand?" akauliza.

"Juu juu tu."

"So bado uko hapo."

"Upo. Na utakula bati. Kwanza rangi itavimba, halafu itapasuka, halafu utakuwa na tundu. Mwangi, hii kazi ya hovyo, usikubali."

"Mama Zai," akasema, "wacha."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mimi maisha yangu yote nimepigana na kutu, siwezi kuiona inaingia kwenye gari langu nikakaa kimya kwa sababu mtu ana huzuni. Nilimwambia Cole atachekelea, kwamba mteja mwenyewe ameridhika. Akanisikiliza hadi nikaishiwa, akanishukuru kwa mikanda, akawasha ile injini majirani wakatoka nje.

Kiangazi hiki rangi imevimba. Alikuja Jumapili iliyopita kunionyesha, amevaa suti ya kanisani, na hakuwa na uso wa mtu aliyeharibikiwa. Niliinamisha kichwa usawa wa buti nikatazama kwa mwanga wa pembeni kama nilivyofundishwa. Vipele vidogo vidogo, kwenye pembe, vidole vimeachana. Nikaweka kitambaa nikapapasa, na safari hii nilihisi. Mwangi naye akaweka kiganja chake pale pale, bila kitambaa, na sikumzuia.

Nimemwambia mvua ijayo maji yatapenya. Anasema anajua. Kwa hiyo kila Jumapili akipita baada ya ibada natoka na kopo la nta na kitambaa cha Don Eusebio, nasugua pande zote za mkono ule ili maji yakawie, huku namsema yeye, namsema Cole, nawasema na nyinyi. Nimemwambia siku atakayokuwa tayari aje na msasa wake. Mimi mkono wa mtu sifuti. Na mama yake aliponiambia nisiimalize hasira yote siku ile, nilimsikia. Bado ipo.